Aliyeniona kwa Macho Yake

Jumatatu, 4 Agosti

Wagonjwa thelathini na nane mpaka saa tisa. Homa, kikohozi, mgongo, homa. Muuza vitenge mmoja kaninyooshea mkono nimpime presha huku anabishana na mteja kwenye simu, hajaniangalia usoni hata mara moja. Chai nimekunywa imeshapoa, na inzi ndani. Nimemtoa, nikanywa.

Fomu ya chuo bado iko kwenye mkoba. Wiki ya pili sasa. Nafasi za kusomea udaktari kwa matabibu tulio kazini, wafadhili wanalipa kila kitu, sharti uwe hujatimiza miaka thelathini na tano. Naitimiza Novemba. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi tena, nitazeekea kwenye zahanati hii ya Kariakoo nikiandika dawa za minyoo. Vyeti ninavyo. Leseni ninayo. Zimebaki barua tatu za watu wa kunisemea: mwalimu aliyenifundisha, msimamizi wa kazi, na mtu wa mtaani asiye wa hospitali. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Utadhani ni jambo dogo. Nimewaza nani wa kumwomba, nimeona aibu. Sina watu. Nina wagonjwa tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeomba ushauri kazini. Kosa.

Hamisa wa mapokezi anasema nitafute mtu mwenye jina na muhuri, hata kama hanijui. "Dada Somoe, barua ni muhuri. Maneno nani anasoma?" Kijana wa maabara anasema mbunge. Mbunge! Mimi hata balozi wa nyumba kumi hanifahamu.

Sista Agripina, muuguzi wa chumba cha sindano, alikuwa palepale anakunja pamba. Hakuchangia neno. Hatusemezani tangu Aprili, zaidi ya "faili hili" na "dripu imeisha". Mama mtu mzima yule, ana umri wa mama yangu, na hata salamu simpi. Najua ni vibaya.

Nimeamua. Dokta Mbaraka, mwenye zahanati. Mwalimu Chilumba wa chuo nilichosoma. Na mwenyekiti wa mtaa wetu kule Buguruni.

Jumatano, 6 Agosti

Dokta Mbaraka kaja kutoka Upanga saa tano, kama kawaida yake Jumatano, kuangalia stoo. Nimemweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuinua macho kwenye simu. "Andika wewe mwenyewe, uniletee nisaini."

Mwalimu Chilumba amestaafu, anafuga kuku Kitunda. Nimempigia. "Somoe... yule mrefu?" Hapana mwalimu, yule mfupi. "Ahaa. Haya mwanangu, andika, uniletee nisaini."

Mwenyekiti nimemkuta anakula mihogo. "Muhuri upo, wewe lete karatasi."

Ndivyo tulivyo mji huu. Anayeombwa barua haandiki, anasaini. Kuandika ni kazi ya mwenye shida.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamepumzika, sisi tumefungua. Mchana hapakuwa na foleni, nikaanza kujisifia.

Ni kazi ngumu, aisee. Nimeandika "anawahi kazini", nikakwama nusu saa. Nikaandika "mchapakazi". Barua ya mwalimu, mchapakazi. Ya mwenyekiti, mchapakazi. Kila nikijaribu kukumbuka jambo zuri nililofanya, kinachokuja ni mguu kuuma. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, mama alikuwa anasema. Basi mimi leo nimejitembeza kurasa tatu nzima.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka karatasi zikachapwe kwa Shani, steshenari ya nyuma ya soko. Kasoma, kakunja uso. "Dada, hizi zimelala sana. Ngoja nikuamshie." Anazo barua za watu waliopita, anajua kinachotakiwa. Kachomeka "nguzo ya kutegemewa". Kachomeka "mwenye nidhamu na hofu ya Mungu". Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, sikuwa na nguvu ya kukataa.

Mimi nguzo. Nguzo yenye miguu imevimba.

Jumatano, 13 Agosti

Saini zote tatu. Mwalimu na mwenyekiti niliwamaliza jana. Dokta kasaini ya kwake akiwa amesimama, karatasi kaiegemeza kwenye friji ya chanjo. Hakusoma hata mstari. Kasema Hamisa agonge muhuri. Hamisa naye anaongea na mteja, kashika muhuri wa dirisha la dawa. Barua inasema mimi ni nguzo ya kutegemewa, chini imegongwa IMETOLEWA.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu hayakuwa ya kucheka tena. Nimerudi kwa Shani kuchapa upya, nimemvizia Dokta kabla hajapanda gari.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepeleka. Wamepokea. Nimerudi nimelala na viatu.

Jumatano, 20 Agosti

Simu ya chuo, saa nne, mgonjwa yuko mbele yangu na ulimi nje.

Mama wa ofisi ya udahili. Sauti ya upole, hiyo ndiyo mbaya. "Dada Somoe, mwalimu wako, daktari wako na mwenyekiti wa mtaa wako, wote wanasema wewe ni nguzo ya kutegemewa. Walikaa kikao?"

Anasema siko peke yangu, zaidi ya nusu ya waombaji wameleta nguzo. Wametupa nafasi moja ya mwisho. Barua tatu mpya, kwa mkono wa mwandishi mwenyewe, na ndani yake tukio moja alilokuona ukilifanya. Kwa macho yake, si kwa kuambiwa. Msimamizi wa kazi si lazima awe bosi, awe mtu aliyekuona ukitibu. Mwisho Ijumaa ijayo, tarehe 29. Asiyeleta, jina linatolewa.

Yule mgonjwa kaniuliza kama arudishe ulimi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimempigia Dokta Mbaraka. Kakasirika kidogo. "Si nimeshasaini? Wanataka nini tena?" Nimemweleza habari ya tukio. Nilimsikia anatafuta kichwani. Miaka sita namfanyia kazi, hajawahi kukaa chumba kimoja na mimi na mgonjwa. Mwishowe kasema: "Basi niandikie hilo tukio, nami nitalinakili kwa mwandiko wangu."

Jamani.

Nimemwandikia. Nimemtungia tukio la mama mjamzito aliyezidiwa kwenye foleni, na mimi nikamkimbiza hospitali nikamwokoa yeye na mtoto. Lilitokea kweli, ila si kwangu. Lilimtokea mwenzangu wa Temeke. Nimelituma. Najidharau, lakini nimelituma.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeshinda na swali moja. Nani ameniona nikitibu, kwa macho yake?

Jibu ninalo tangu Jumatano. Sikutaka kuliandika.

Ni Sista Agripina. Hakuna mwingine. Mlango wa chumba chake na wangu inatazamana, na wangu haufungi vizuri. Miaka sita ananiona. Na ameniona Aprili.

Niandike basi, nani atasoma. Mtoto wa kike, miaka minne, Nasma. Mama yake anauza viatu vya mtumba Mchikichini. Homa kali, amelegea. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na mimi sijakaa tangu asubuhi. Agripina alimshika yule mtoto kichwa, akaniambia, "Shingo hii imekaza, siipendi. Mpe rufaa." Mbele ya mama mtu. Nikaona ananiaibisha. Nikasema mimi ndiye tabibu hapa. Nikaandika malaria, nikawarudisha nyumbani.

Kesho yake wakarudi na degedege. Homa ya uti wa mgongo. Tulimkimbiza hospitali kubwa, hakufa. Baadaye nilisikia ameruhusiwa. Agripina hakuniambia "nilikwambia". Hata mara moja. Ningependa angesema, nipate cha kumjibu. Hakusema, ndiyo maana nikashindwa kumtazama mpaka leo.

Sasa niende kwake nikamwombe anisemee. Khaa.

Jumapili, 24 Agosti

Kitunda. Kuku, kuku, kuku. Nilidhani Mwalimu Chilumba hatakumbuka kitu. Kumbe nilipomwambia "tukio" akaanza kucheka peke yake. "Si wewe uliyezimia mochwari siku ya kwanza?" Ni mimi. Miaka yote namwomba Mungu mwalimu asahau. Kaandika palepale, kalamu inakwaruza: nilizimia, nikabebwa, kesho yake nikaja wa kwanza, nikakaa mbele kabisa, uso kama majivu, nikamaliza somo. Kafunga bahasha mwenyewe. "Hiyo ndiyo ninayoikumbuka. Ile nyingine sikuisoma, mwanangu, nisamehe."

Mwenyekiti nimemwacha, hana alichokiona. Badala yake mama mwenye nyumba wangu, Bi Chiku. Kaandika nusu ukurasa, mwandiko mkubwa kama wa ubaoni. Kaandika kwamba Jumapili nawafungulia wapangaji mlango wanioneshe watoto wao, na kwamba nina hasira nikiamshwa lakini natoka. Nimemwomba hiyo ya hasira aitoe. Kakataa. "Si wamesema nilichokiona?"

Bado moja.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilimsubiri atoke kunawa. Nikasema shikamoo. Miezi minne. Sauti imetoka kama ya mtu mwenye donda koo.

"Marahaba."

Nikamweleza haraka haraka, chuo, barua, Ijumaa. Alikuwa anajifuta vidole kimoja kimoja.

"Nitaandika," kasema. "Lakini nitaandika nilichokiona."

Ndicho wanachotaka, Sista.

"Na wewe unakitaka?"

Hamisa aliita mgonjwa anayefuata, nikaenda. Nimefurahi kuitwa, ndivyo nilivyo mwoga.

Jumatano, 27 Agosti

Dokta kaleta ya kwake imefungwa vizuri, muhuri sahihi safari hii. Kanipiga bega. "Umeandika vizuri sana lile tukio. Mpaka nimeanza kulikumbuka."

Saa tisa Agripina akaniita chumbani kwake, akafunga mlango. Barua mezani, iko wazi. "Soma kabla sijaifunga. Mimi simsemi mtu asipokuwepo."

Nimeisoma nimesimama. Naiandika hapa kama nilivyoishika kichwani, maana najua nitaitafuta.

Mimi Agripina Komba, muuguzi. Nafanya kazi na Somoe miaka sita. Mwezi wa nne aliletwa mtoto mwenye homa. Nilimwambia shingo siipendi, ampe rufaa. Alikataa. Alikuwa amechoka na alikuwa na kiburi. Kesho yake mtoto akarudi na degedege. Somoe alimbeba mwenyewe mpaka hospitali kubwa, viatu akaviacha huku. Daktari wa kule aliuliza kwa ukali, nani alimwona mtoto huyu jana? Alijibu, ni mimi. Nilikuwepo. Wengi wangesema hawajui. Tangu siku ile hanisemeshi. Lakini kila mtoto mwenye homa anamleta chumbani kwangu, anamkalisha kitini, anaondoka bila neno, ili nimwangalie shingo. Anadhani sijui kwa nini. Somoe amefika mwisho wa anachokijua, na anajua kwamba amefika. Mimi nastaafu mwakani. Mfundisheni, maana nikiondoka hatakuwa na wa kumwachia mtoto.

Nilitaka kumwambia kitu. Nikasema tu, "Kiburi umeandika kwa herufi kubwa." Kasema mwandiko wake ndio ulivyo.

Alhamisi, 28 Agosti

Bahasha mbili kitandani. Msimamizi wa kazi anatakiwa mmoja.

Ya Dokta: jina lake, cheo chake, muhuri, mama mjamzito aliyeokolewa. Ya Agripina: kiburi, malaria isiyokuwa malaria, mtoto wa watu. Nani mwenye akili atachagua ya pili? Wanaweza kuniuliza habari ya leseni. Wanaweza kusema huyu tumpe wagonjwa wangapi tena awaharibu. Ni mwaka wa mwisho. Nina hasira na Agripina, na nina hasira kwamba hakuna neno hata moja la uongo la kumshika nalo.

Bi Chiku kapita mlangoni kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia nachagua. Kasema mtu akichagua sana hupata koroma. Hakunisaidia.

Nimezishika zote mbili tena. Ya Dokta inamsifia mtu nisiyemjua. Huyo mtu wakimchukua, darasani nitaingia mimi.

Nimeichana ya Dokta. Nimechana vipande vidogo nisije nikaunganisha.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimezipeleka mkononi. Yule mama wa udahili ni mnene, ana miwani ya kamba, mezani ana chupa ya uji. Kafungua palepale. Kwa mwalimu katabasamu. Kwa Bi Chiku kacheka. Kwa Agripina hakucheka. Kasoma, karudia mwanzo, kasoma tena. Mimi nahesabu vigae.

Kavua miwani. "Mtoto anaendeleaje?"

Nikasema alipona.

"Unajua, au unadhani?"

Nikasema niliambiwa aliruhusiwa.

"Kwa hiyo hukwenda kumwona."

Hakuliuliza kama swali. Miezi minne, na Mchikichini ni mwendo wa miguu kutoka zahanati. Nimepita pale mara ngapi kununua blauzi, nikizunguka upande wa pili ili nisikutane na wauza viatu.

Kasema majina yatatoka katikati ya Septemba. Kaniandikia namba yake, kama kuna karatasi itakosekana. Nimetoka sijui kama nimeshinda au nimejizika mwenyewe. Nimechoka mpaka meno.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Mchikichini, safu ya viatu vya watoto. Nimeuliza watu watatu, nikaoneshwa.

Mama yake alinitambua kabla sijafungua mdomo. "Wewe ndiye dokta wa malaria."

Ndiyo. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, niliambiwa nikakataa kusikia, na ningekuja siku nyingi kama si woga. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakaishia hapo. Alinisikiliza huku anapiga brashi kiatu cha mteja. Hakunikaribisha kukaa, wala hakunifukuza.

Nasma alikuwa nyuma ya meza anapanga viatu, kila kimoja na mwenzake. Amenenepa. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena.

"Msemeshe upande wa kulia," mama yake akasema, brashi haikusimama. "Huko kushoto hasikii tangu ile homa."

Nikazunguka meza, nikachuchumaa kulia kwake, nikamwambia naitwa Somoe. Kanitazama. Kanipa ndala moja nimtafutie ya pili. Nimeitafuta mpaka adhuhuri. Mama yake nimemwachia namba, na nimemwambia kuna kliniki ya masikio, Jumanne nitawapeleka mwenyewe. Kasema ataona.

Nimemtumia ujumbe yule mama wa udahili. Aliuliza, anastahili jibu. Mtoto yupo, anakua vizuri, sikio la kushoto halisikii. Nimeandika hivyo tu. Huenda nimejichongea. Mpaka sasa hajajibu.

Nimefua koti la kazini, nimelianika uani kwa Bi Chiku. Upepo upo. Jumatatu litakuwa limekauka.